Chungu Kilichofudikizwa Mlangoni

Nilikuwa nakwangua ukoko wa ugali wa mtama, nimekaa uani kwangu na sufuria mapajani, redio ya mjukuu inaongea peke yake dirishani, ndipo nikasikia kwamba amekufa. Mtangazaji alilitaja jina lake lote, refu kama treni ya mizigo inayopita Itigi, behewa baada ya behewa. Akasema mpiga picha mashuhuri wa habari, mshindi wa tuzo za ndani na nje ya nchi, mwalimu wa vijana wengi, sauti ya wasio na sauti. Wakaweka na wimbo wa kwaya. Mimi nikaendelea kukwangua, kwa sababu ukoko haumsubiri marehemu, ukipoa unakuwa mgumu kama kigae.

Mjukuu wangu Baraka akatoka ndani na simu mkononi, akaniuliza si ndiye yule aliyewapiga nyinyi picha. Nikamwambia ndiye. Akanipa pole. Nikamwuliza pole ya nini, kwani hapa kafiwa nani?

Harufu ile ya ukoko ulioungua kidogo ndiyo iliyonirudisha, wala si redio. Nyinyi wa umri wangu mnaijua. Watoto wa leo ukiwapa ukoko wanakutazama kama umewapa mchanga. Sisi tuliugombea, na aliyepewa chungu akwangue siku hiyo alijiona mtoto wa chifu. Siku aliyokuja yule bwana, chungu kilikuwa changu.

Lile jina lake la redioni sisi hatukuwa nalo. Kijijini kwetu, huku Mkalama, tulimwita Jicho Moja, maana kila alipotaka kukutazama vizuri alifumba moja. Mama alisema mtu aliyepewa macho mawili na Mungu akatumia moja, hilo lingine ameliuza. Tulicheka. Hatukujua bado ameliuza wapi.

Nianze na baba, la sivyo hamtaelewa kitu. Mimi shule niliishia darasa la tatu, si kwa ujinga, ni kwamba mwalimu alikuwa mmoja na ng'ombe walikuwa wengi, kwa hiyo kupanga mambo kwa mstari sikufundishwa vizuri. Baba yangu aliitwa Msengi. Mwaka ule wa jua kali, mahindi yalikauka yakiwa magotini. Mtama na uwele vikajikaza kidogo, na mama alikuwa na kihenge cha mavuno ya nyuma, kimefunikwa vizuri kwa nyasi, hakijaliwa hata nusu. Njaa ilikuwepo, sikatai, kuna nyumba zililala na maji. Kwetu tulikula. Lakini baba aliona hatutamaliza mwaka na nguo mwilini, akaenda Sekenke kuchimba dhahabu na wenzake. Akasema mtama wa msimu unaofuata ukichanua, mtaniona njiani. Kabla hajaondoka alikifunga waya shingoni chungu kikubwa cha mama, kwa sababu kilikuwa na ufa. Aliusokota ule waya kwa koleo, akaacha ncha mbili zimesimama kama pembe za mbuzi. Mama alimtania kwamba chungu sasa kina masikio kuliko mwenye nyumba.

Baada ya muda baba akatuletea picha yake kwa mkono wa mtu. Kule machimboni alikuwepo kijana mwenye kamera ya kuwapiga picha wachimbaji. Baba alisimama mbele ya shuka la maua, mkono juu ya kigoda, uso mkavu kama anadaiwa. Mama aliichomeka juu ya mlango wa chumba. Mimi nikaipigia hesabu yangu ya kitoto: picha zinatoka Sekenke zinakuja kwetu, basi na picha za kwetu zinakwenda Sekenke. Sikuona kwingine ambako picha ingeweza kwenda. Nikawa namwomba Mungu alete mtu mwenye kamera, baba atuone, arudi haraka.

Mungu akamleta Jicho Moja.

Alikuja kwa gari la kijani, na dereva wake wa Singida Mjini, Mnyaturu, aliyekuwa akimtafsiria kwa kubahatisha maana Kinyiramba chetu alikijua nusu. Alivaa koti lenye mifuko mingi, nikadhani ana pipi kila mfuko. Alinukia sabuni. Hakumwamkia mzee hata mmoja. Alishuka akauliza kwa dereva, wenye njaa hapa ni wapi? Kama mtu anayeuliza wauza mkaa. Wazee wakatazamana. Wengine wakadhani anagawa mahindi, wakasema sisi wote. Wengine, wenye aibu zao, wakasema hapa hatuna, nenda mbele. Yeye akazunguka akichungulia nyua za watu, na kwetu akasimama, kwa sababu ukuta wetu ulikuwa umemomonyoka upande mmoja, na mwanga ulikaa vizuri, alisema. Jamani. Tulichaguliwa kwa ajili ya mwanga.

Mama aliposikia ni picha, akafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili hufanya akipigwa picha. Aliingia ndani akajipaka mafuta, akavaa kanga yake ya kanisani, akatoka anang'aa. Jicho Moja akatikisa kichwa. Dereva akasema, "Mama, anasema ukavae ile ya shamba."

"Mwambie na yeye avue hiyo saa," mama akasema.

Dereva akacheka, hakutafsiri. Mwisho mama akarudi ndani kubadilisha, maana mimi nilikuwa nimemshika nguo nikimbembeleza. Nilimwambia baba anasubiri. Hakunielewa, akadhani naropoka.

Kihenge chetu kilikuwa pale uani, kinene kama mama mjamzito. Yule bwana alikipa mgongo muda wote. Angegeuka kidogo tu angekiona, lakini mtu aliyetoka mbali kuja kutafuta njaa hageukii kihenge.

Akaniona mimi na chungu changu. Tulikuwa tumekula ugali na mlenda muda si mrefu, na ukoko ulikuwa mnene siku hiyo, wa rangi ya dhahabu chini, mimi nimeanza tu kuula pembeni. Akanichukulia chungu mkononi. Hakuomba. Akakikung'uta, ukoko wangu ukaanguka chini, kuku wakaukimbilia wote. Nikalia. Nililia kama mtoto aliyenyang'anywa ukoko anavyolia, mdomo wote wazi, makamasi yanashuka. Yeye akafurahi sana, akamwambia dereva mtoto aachwe alie hivyo hivyo. Ndiyo machozi yale yaliyosafiri mpaka Ulaya, wakayatazama mabibi na mabwana wakasema maskini, njaa mbaya. Yalikuwa machozi ya kuku.

Halafu akabeba chungu mpaka mlangoni, akakifudikiza kizingitini, matako juu.

Sijui kwenu. Kwetu chungu cha ugali hakifudikizwi nje mlangoni. Ukikiosha unakiegemeza kwenye mafiga, kwa ubavu, mdomo wake utazame ndani ya nyumba. Kinafudikizwa mlangoni siku moja tu, siku mwenye nyumba amekufa, kuwaambia wapita njia kwamba hakuna tena wa kupikiwa. Mwanamke akikifudikiza mumewe akiwa mzima, basi amemhesabu maiti, amemaliza naye, wala baraza la wazee haliitwi. Hiyo ni mbaya kuliko kifo, maana maiti wa kweli analiliwa. Mtoto mdogo kwetu analijua hilo kabla hajajua mkono wa kulia. Yule aliyesoma mpaka ng'ambo hakulijua, na alikuwa na mdomo wa kuulizia.

Mama akatoka ndani na kaniki yake ya shamba, akakiona. Akaruka. Aliinama na mkono umenyooka, akakishika chungu matakoni akigeuze, akapiga kelele, "Msengi hajafa!"

Ndipo ile kamera ikalia.

Nimeisikia picha ile ikisifiwa tangu niko mtoto mpaka nimekuwa bibi. Wanasema mkono wa mama unakiuliza chungu kitupu chakula kilipo. Wanasema uso ule umebeba mateso ya bara zima. Uso ule ulikuwa wa mwanamke anayekimbilia kumfufua mume wake. Na hilo la sauti ya wasio na sauti, mimi nilikuwepo. Mama alikuwa na sauti, ilisikika mpaka kisimani. Ni mwenye kamera aliyekosa masikio, hata chungu chetu kilimshinda, chenyewe kilikuwa nayo mawili.

Dereva alisikia maneno yale. Nadhani aliyaelewa, kwa sababu aliangalia chini. Mama akamwambia mweleze bwana wako aifute. Dereva akasema haifutiki, mama, imeshaingia. Mimi nilikuwa nimepewa biskuti tayari, nimenyamaza, nikamwuliza dereva picha hiyo itafika kwa baba. Akanishika shavu.

"Itafika mbali sana, binti."

Kwa akili yangu mbali kulikuwa kumoja tu, Sekenke. Nikafurahi. Na mimi na ujinga wangu ndiye niliyewaza kweli kuliko wote waliokuwa pale uani, kwa sababu ilifika.

Mvua zikarudi. Mtama ukapandwa, ukaota, ukachanua. Kila siku nilifagia njia ya kuingilia uani, na mama alikuwa amemtengea baba jogoo, hamgusi mtu. Mtama ukaiva. Tukaanza kuuvuna tukimsubiri. Tukaupiga, tukaupeta. Jogoo akazeeka.

Aliyekuja ni mjomba, kaka yake mama, ambaye naye alichimba kule. Alikunywa maji kwanza, akauliza hali za watu ambao hata hawapendi, tukajua kuna neno. Kisha akavua kofia yake, ndani yake mlikuwa na kipande cha gazeti kimekunjwa. Gazeti wakati ule halikuwa la kusoma kwetu, lilikuwa la kufungia. Hiki kilifungia dagaa, kilinuka dagaa na mafuta. Tulikuwa sisi. Mama, mimi, chungu. Picha ilikuwa imeshinda tuzo, ndiyo maana ikatolewa kubwa. Mjomba alisema dagaa wale walinunuliwa na kambi ya baba, na aliyefungua alikuwa baba mwenyewe. Hakujua kusoma, baba yangu. Lakini waya aliousokota kwa mkono wake aliujua, na mlango wake aliujua, na chungu kile hakikuhitaji herufi. Wachimbaji wengine walikuwa Wanyiramba, nao wakaona. Tangu siku hiyo walimwita Marehemu.

Mama hakulia. Alikijaza chungu kile kile unga wa uwele mpaka mdomoni, akafunga kwa kitambaa, akanishika mkono, tukapanda lori la vitunguu. Pale lilipotuacha tukaupanda mlima kwa miguu, chungu kichwani kwake, mdomo juu. Aliniambia njiani, kama anaongea na chungu, kwamba akikiona kwa macho kimesimama kimejaa, ataelewa. Macho ndiyo yaliyomdanganya, macho yatamrudisha.

Tulimkuta nje ya shimo amekaa juu ya kifusi, mweupe wa vumbi kama mtu aliyepakwa majivu. Mwenzake mmoja akaita, "Marehemu, umepata wageni!" Wakacheka. Sijasahau namna baba alivyoshusha macho. Mimi nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniweka mkono kichwani, mkono mzito unaonuka ugoro na mawe. Nikaona mambo yamekwisha, tunarudi naye. Mtoto ni mtoto.

Mama akatua chungu mbele yake, akakifungua. Akaeleza yote, tangu gari la kijani mpaka kuku. Alieleza vizuri, bila haraka. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa mfukoni kipande chake cha gazeti, maana naye alikuwa nacho, kimechakaa kwenye mikunjo.

"Huu mkono wa nani?"

"Wangu."

"Umeshika nini?"

"Chungu. Lakini nilikuwa nakiinua, Baba Eli." Eli ni kaka yangu mkubwa, alibaki nyumbani na ng'ombe.

"Inaonyesha unakiinua hapa?"

Mama akatazama. Mimi pia nikatazama. Mkono umeinama juu ya chungu, vidole vimeshika tako la chungu. Mtu anayekiinua na mtu anayekifudikiza, mikono yao inafanana. Kamera ilikata pale pale katikati, ikabaki na kipande ambacho hakijulikani kinaelekea wapi.

"Mtu anaweza kuongopa," baba akasema. "Hiki kipande hakina mdomo, kitaongopaje?"

Hivyo ndivyo watu walivyoamini wakati ule, na sikuwalaumu wakati ule. Picha ilikuwa shahidi. Siku hizi Baraka ananionyesha kwenye simu mbuzi anayeimba, nadhani hata baba angecheka. Lakini siku ile, mbele ya wanaume wanaomwita Marehemu, alipaswa kuchagua kati ya mke wake na karatasi ya dagaa, akachagua karatasi. Simdharau baba kwa hilo. Dharau yangu yote nilishaiweka mahali pamoja, sina ya kugawa.

Mama aliumimina ule unga kwenye gunia la baba, wote, akakung'uta. Akasema, "Kula, Msengi. Waliokufa hawali." Akajitwika chungu kitupu, mdomo juu, tukashuka mlima.

Baba hakurudi. Alioa kule kule, akafa kwa kifua miaka mingi baadaye, akazikwa kule na watu tusiowajua. Tulipoletewa habari, mama alikiegemeza chungu kwenye mafiga kama kawaida. Wanawake walimnong'oneza kwamba sasa ndiyo siku ya kukifudikiza. Akakataa, akasema kimeshafudikizwa mara moja na mgeni, inatosha.

Huku nyuma Jicho Moja anapanda. Hizi habari nimezipata vipande vipande, kwa walimu, kwa redio, kwa huyu Baraka. Kwamba alipewa kamera mpya na safari. Kwamba alipiga picha za vita, mafuriko, na mawaziri wakikata utepe. Wanasema alikuwa jasiri, risasi zinapita yeye amefumba jicho lake. Sikatai. Mtu anaweza kusimama mbele ya risasi akashindwa kumsalimia mzee. Akafundisha vijana, akawaambia, redio ndiyo iliyosema, kwamba picha nzuri haipangwi, inasubiriwa. Niliposikia hilo nilicheka mpaka nikakohoa. Waulizeni kuku wetu.

Alirudi kwetu mara moja tu, kichwa chake kimeshakuwa cheupe, na vijana wawili wa kumbebea mizigo. Alitaka kumpiga mama picha tena, mahali pale pale, watu waone miaka ilivyopita. Safari hii alikuwa amejifunza kuamkia, hata akainama. Mama alikuwa mzee, anaona kwa shida, lakini akamtambua kwa sabuni. Akamkaribisha. Akamsimulia. Alimwambia kila kitu, Msengi, waya, dagaa, Marehemu, kifusi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nachambua mlenda, nikamtazama uso. Nilingoja jambo moja tu, ambalo hata mtoto angelifanya. Alivua miwani, akaifuta.

"Pole sana, mama," akasema. "Lakini picha ilitoka nzuri."

Vijana wake waliinamisha vichwa. Mama akamwomba kitu kimoja. Akasema basi nipige leo nikiwa nimekishika kimesimama, watu waone mwisho wake. Nikamletea chungu, kile kile, waya umeshika kutu lakini umeshika. Akakipakata mapajani, mdomo juu, akavaa na kanga ya kanisani. Jicho Moja akainua kamera, ikalia. Mama akashukuru. Mimi nilimwona: hakufumba jicho. Alibonyeza tu, kama unavyomtupia mbwa mfupa usio na nyama. Picha ile haijatokea popote. Mama alikufa akiingojea, kila gari likipita anauliza kama wameileta.

Basi wiki chache baada ya tangazo la redio, akaja kijana kutoka mjini kwa bodaboda, mpole, shikamoo zake zimekamilika. Alisema wanafanya maonyesho ya kumkumbuka mzee wao, na familia ya kwenye picha imeandaliwa zawadi. Akafungua karatasi. Ilikuwa picha ile, kubwa, ndani ya fremu ya mbao na kioo. Aliniomba niiweke mahali pazuri, kwa maana ni historia ya taifa. Nikamwambia nitaiweka. Nikampa karanga, akaenda zake.

Baraka akapigilia msumari sebuleni, akaitundika, akatoka. Nikabaki naye mama peke yetu. Nikapanda kigoda, na magoti yangu haya, nikaishusha, nikaifunga kamba upande wa pili, nikaitundika tena.

Baraka akarudi, akasimama.

"Bibi, umeigeuza. Mko kichwa chini."

"Najua."

"Wageni watacheka."

Nikamwambia waache wacheke, sisi tumeshazoea, kukaa kichwa chini hakujaanza leo. Nikamwambia aache kututazama sisi, akitazame chungu. Akasogea. Alitazama kwa muda, macho yake yote mawili wazi.

Chungu kimekaa sawa, mdomo juu, na masikio yake mawili ya waya. Mama ananing'inia kutoka juu ya fremu, mimi ninalia nikining'inia kando yake. Lakini mkono wake sasa uko chini ya chungu, vidole vimelishika tako lake, unakiinua.